Mwalimu Leodegari, Kuku na Jiwe la Nne

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Wazee wetu mliokaa chini ya turubai, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vya mbele vimewekewa wenye magari, shikamooni, poleni na msiba, na poleni kwa kungoja, maana tulitangaziwa saa nne na sasa inakaribia saa saba, na aliyekuwa akingojwa si marehemu, marehemu alikuwa tayari tangu asubuhi.

Mimi ni Theodosia, mtoto wake wa kwanza. Nimetumwa na familia kusoma historia ya maisha ya baba yetu, Mwalimu Leodegari Urbani Luambano, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba mkononi nina karatasi mbili. Ya kwanza imechapwa kwa kompyuta, nilipewa jana jioni na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ni baba yangu mdogo Saimon, naye alipewa na Mheshimiwa Hironimus, aliyekuwa diwani wetu kule Nangwele, yule pale kiti cha pili, mwenye kofia ya pama. Karatasi hiyo inasema marehemu alikuwa fundi wa mabango, mcheshi, mpenda watu, na kwamba siku tisa kabla ya kufariki alimwomba Mheshimiwa radhi kwa maandishi, wakapatana, na Mheshimiwa kwa moyo mkunjufu ameahidi kuliwekea kaburi jiwe la marumaru litakaloandikwa majina ya wote wawili, la aliyelala na la aliyetoa. Ya pili nimeiandika mwenyewe kwa mkono. Baba mdogo aliniambia, "Theodosia mwanangu, soma kilichochapwa, watu wazike, wale, waondoke," nami nikamwitikia ndiyo baba, nikiwa na maana kwamba nimemsikia. Nitasoma ya pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1953 huko Lusewa, mahali ambapo siku hizi ni wilaya ya Namtumbo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Urbani Luambano na marehemu mama Monika, wakulima wa mahindi na tumbaku. Jina la Leodegari hakuna aliyelichagua, padri alifungua kalenda akalikuta kwenye tarehe hiyo, ni jina la mtakatifu ambaye wakubwa wa zama zake walimtoboa macho na kumkata ulimi, na baba alikuwa akisema wenzake walipewa majina ya baraka, yeye alipewa la onyo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968, hakuchaguliwa kuendelea, na kuanzia Januari 1969 hadi mwisho wa 1973 alifanya kazi katika karakana ya kujalidi vitabu ya misheni moja huku Songea, chini ya bruda mmoja mzee aliyependa gundi kuliko watu. Kazi yake ilikuwa kuchana magazeti ya zamani na kuyabandika ndani ya majalada ili yawe magumu. Siku moja mwaka 1970 lilifunguliwa sanduku la magazeti ya Marekani ya miaka ya 1870 na 1880, kurasa pana kama mkeka wa kuanikia unga, na ndani yake palikuwa na picha za wakubwa wa siasa wa nchi ile waliochorwa kama tai wamejikunyata juu ya jabali wakingoja dhoruba ipite, wakubwa wenye mfuko wa fedha mahali pa kichwa, mabwana wenye matumbo kama mapipa wamesimama nyuma ya viti vya watunga sheria, na mgombea mmoja aliyevuliwa nguo na kuchanjwa mwili mzima chale za mambo aliyoyafanya akidhani watu wamesahau. Kiingereza cha baba wakati huo kilikuwa cha salamu. Bruda alimkuta ameacha kuchana, amekaa sakafuni, akamwuliza anaona nini, akajibu, "Naona mwizi." Umejuaje, na maandishi huyasomi? "Amevaa vizuri kuliko wenzake wote," baba akasema, "na hakuna hata mmoja anayemtazama usoni." Bruda akamwachia sanduku. Kuna vitabu vya sala huko kwenye maparokia ambavyo hadi leo vina majalada laini kwa sababu hiyo.

Naeleza habari hizi za Marekani kwa urefu kwa kuwa karatasi iliyochapwa haikuzitaja hata kwa nusu mstari, na bila hizo mtakuwa mmezika mtu mwingine. Katika sanduku lile baba hakupata picha tu, alipata ufundi. Aligundua kwamba wachoraji wale walichora juu ya vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, kisha mbao zikafunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, huyu kofia, yule mguu, wakachonga, wakaunga tena na kupiga chapa, ndiyo maana ukiitazama picha kubwa kwa makini unauona mstari mwembamba mweupe mahali vipande vilipokutana. Baba akaanza kuchonga mninga kwa kisu cha kujalidia, kila kitu kinyumenyume kama kwenye kioo, wino wake masizi ya koroboi na mafuta, na mashine yake ya kuchapia kijiko, unalaza karatasi juu ya ubao uliopakwa wino, unasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono ufe ganzi. Nyumbani kwetu kijiko kizuri kilikuwa kimoja, na supu yetu ilikuwa na ladha ya masizi.

Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1974, akahitimu 1976, na Januari 1977 akapangiwa shule ya msingi Nangwele, ambako alifundisha kwa miaka ishirini na moja na miezi kumi. Somo lake lilikuwa siasa, baadaye likaitwa uraia, akalifundisha kwa njia ambayo haikuwamo katika kitabu chochote cha mwalimu. Alibandika ukurasa wa Kimarekani ubaoni, akafunika maneno ya chini kwa kiganja, akauliza maswali matatu, nani mkubwa hapa, nani anamwogopa, nani anabeba mzigo, na mtoto wa darasa la nne asiyejua Marekani iko wapi alijibu yote matatu. Wakaguzi walipokuja alisema ni somo la sanaa za mikono.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Skolastika, aliyeko hapa, na wakajaliwa watoto watatu. Mimi nilizaliwa mwaka 1982, mdogo wangu Pankrasi mwaka 1986. Wa tatu ameachwa katika karatasi iliyochapwa, imeandikwa "watoto wawili", labda ni haraka ya kuchapa. Aliitwa Emiliani. Nitamfikia.

Kijiji cha Nangwele hakikuwa na zahanati. Tarehe 5 Juni 1989 Mheshimiwa Hironimus, akiwa diwani mpya, aliweka jiwe la msingi la zahanati, mbuzi akachinjwa, ngoma ya lizombe ikachezwa hadi jua kuzama. Tarehe 21 Agosti 1993 aliliweka la pili, hatua sita kutoka la kwanza, kwa maelezo kwamba ramani imebadilika. Tarehe 12 Oktoba 1996 aliweka la tatu, na safari hii hapakuwa na maelezo, palikuwa na kofia ya pama mpya na mwiko uliong'arishwa. Mawe yale matatu yalikaa kama mafiga ya jitu, kina mama wakipita na kuni walisema kilichobaki ni kuleta chungu, tuliyaanikia mihogo, mbuzi waliyatumia kujikunia.

Tarehe 7 Februari 1998, katika mvua ambazo wote hapa mnazikumbuka, mama alishikwa na uchungu usiotaka kwenda vizuri, akapakiwa nyuma ya pikapu iliyokuja kubeba tumbaku, barabara ikakatika kabla hawajafika kwenye lami, na Emiliani akazaliwa juu ya magunia. Aliishi siku nne. Alizikwa Nangwele tarehe 12, hapakuwa na kamati, hapakuwa na historia iliyosomwa, baba alichimba mwenyewe.

Ilipofika wiki ya Nane Nane mwaka huo, watu waliokwenda sokoni asubuhi walikuta kwenye kuta za maduka, kwenye milango ya mabani ya kukaushia tumbaku na kwenye mti wa mkutano, karatasi sitini zilizochapwa kwa wino mweusi. Ilikuwa picha ya kuku. Kuku mkubwa, mnene, mwenye macho ya kujitosheleza, amevaa kofia ya pama, anaatamia mawe matatu. Hapakuwa na jina wala neno hata moja. Baba alikuwa ameona kwamba Wamarekani wale waliwaandika watu wao majina kwenye makoti ili msomaji asipotee, naye akaona picha inayohitaji jina haijakamilika.

Tarehe 8 Agosti, Mheshimiwa alipopanda jukwaani na kusema "Ndugu wananchi", mtu mmoja nyuma kabisa, ambaye hadi leo hajajitaja ingawa namwona pale kwenye turubai la pili akitazama viatu vyake, alisema kwa sauti ndogo, "Kokoo." Kisha mwingine. Kisha uwanja mzima, wazee, wanakwaya, hata mgambo aliyepewa kazi ya kunyamazisha watu alikuwa amefunika mdomo kwa kofia. Hotuba haikuisha. Kwa miaka miwili diwani wetu hakupita penye watu watatu bila mmoja wao kukohoa kikuku, na mwaka 2000 alishindwa uchaguzi na kijana ambaye hata sera hakuwa nayo.

Mama peke yake hakucheka. Aliitazama picha, akamwambia baba, "Umemtukana kuku. Kuku akilalia kitu kinatoka kifaranga. Huyu kimetoka nini?" Kijiji kizima kilidhani Mwalimu amefanya mzaha, kikampenda kwa mzaha huo, na hakuna aliyehesabu miezi kutoka Februari hadi Agosti isipokuwa huyu mwanamke.

Sasa jinsi alivyokamatwa. Baba alikuwa mwangalifu, hakutia sahihi, alibandika kabla ya alfajiri, alificha ubao darini. Lakini alikuwa bahili wa mbao. Upande mmoja wa ubao ule alichonga kuku, na upande wa pili, mwezi Mei, alikuwa amechonga nembo ya vyeti vya michezo ya shule, na ubao ulikuwa na ufa uliopita pande zote mbili. Mtu aliyekwisha kuwaambia wanafunzi kwa miaka ishirini habari za mstari mwembamba mweupe katika picha za Wamarekani, hakuuona wa kwake. Mheshimiwa alikiazima cheti cha mshindi wa kukimbia na gunia, akakilaza pembeni ya kuku, na ufa ulikuwa ule ule, umekata nembo, umekata kofia ya pama. Wazee walijaribu kusuluhisha, wakamwomba alichukue jambo lile kama utani, akasema, "Mimi na Mwalimu hatuna utani." Kwa hilo alisema kweli. Jana Bi Shamimu, mtani wetu, alivaa miwani ya marehemu na suruali yake, akapita katikati ya waombolezaji akijikohoza na kutukaripia kwamba tunakaa vibaya katika mwanga, akamwita maiti mvivu, na hakuna aliyenuna, tulicheka na machozi yakitutoka. Utani ni kwa anayekubali kwamba na yeye ni mtu.

Tarehe 30 Oktoba 1998 baba alipokea barua ya kuachishwa kazi kwa kosa la ulevi kazini siku ya Jumatano. Alikuwa anakunywa, sitadanganya mbele ya jeneza, ulanzi, vikombe viwili, baada ya misa ya Jumapili, tena alikunywa pamoja na wengi wa mliokaa mbele. Jumatano hakunywa. Barua ile ndiyo imetufanya tuitwe watoto wa mlevi kwa miaka yote hii, na ninyi mnaosema leo kwamba marehemu alikuwa "mcheshi" hamkumwandikia hata mstari mmoja wa kumtetea, mlikuja nyumbani gizani kuomba nakala ya kuku, mkaificha chini ya godoro.

Tulihamia hapa Bombambili Januari 1999, na baba akafungua kibanda Mfaranyaki, akachora mabango ya saluni, maduka ya dawa na mafundi baiskeli. Hapo karatasi iliyochapwa iko sahihi. Isichosema ni kwamba kila Jumatatu, kwa miaka ishirini na mitano, nje ya kibanda aliegemeza ubao mweusi wenye katuni ya chaki, barabara iliyochongwa kila mwaka wa uchaguzi akaichora kama kitambaa cha meza kinachotandikwa wageni wakija, mkutano wa wataalamu akauchora kama zeze lisilo na uzi ambalo kila mtu analisifu, bodaboda walipunguza mwendo, na waheshimiwa walipita wakitazama upande wa pili kwa bidii sana. Mmoja alimtuma mtu aulize kwa nini yeye hajawahi kuchorwa, anaonekana mdogo mbele ya wenzake. Baba akamjibu, "Mwambie afanye kitu kwanza."

Alipenda kusimulia habari za mkubwa mmoja wa mji wa New York, ambaye inasemekana hakujali magazeti yaandike nini, kwa kuwa wengi waliomchagua hawakusoma, alichohofia ni picha, na inasemekana mchoraji alipewa ahadi ya fedha nyingi akasome sanaa Ulaya, mradi aondoke, hakuondoka, na mkubwa yule alipokuja kutoroka alitambuliwa Hispania kwa sura iliyochorwa. Baba alisimulia hadithi hii kama wengine wanavyosimulia ya Daudi na Goliati. Mwaka 2004, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, nilimletea habari asizozitaka, nikamwambia wachoraji wake hao hao waliwachora maskini wa Ireland na sura za nyani, na watu weusi wakawachora kwa namna ambayo nisingependa mama aione, na magazeti yakauzika vizuri tu. Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alipitia sanduku lote ukurasa kwa ukurasa, nyingine akazitia jikoni, akasema, "Nitachora alichofanya mtu. Alivyozaliwa sichori." Na aliishika sheria hiyo. Lakini alipenda mno kuwa yeye ndiye mwenye penseli.

Maana hakuwa malaika, na simpambi. Hakusema na baba mdogo Saimon kwa miaka miwili kwa sababu ya fulana ya kampeni, fulana tu, ya kufanyia kazi shambani. Siku ya kipaimara cha Pankrasi alifika kanisani watu wanatoka, mikono imejaa wino. Alituchora sote tukikasirika, na tulipokasirika kwa kuchorwa akasema mkono umetulia leo. Na jina la Emiliani, kutoka siku aliyotupa jembe pale Nangwele, hakulitamka tena, si kwa mama, si kwa padri, si kwetu. Zahanati ilijengwa mwaka 2009, na watu wengine, mita mia mbili kutoka kwenye yale mawe, haina jiwe la msingi. Alialikwa kuandika bango lake. Aliliandika vizuri, akalituma kwa basi, hakwenda.

Machi 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, Mei tukaambiwa ni kansa ya koo, alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, akarudi Novemba akiwa hana sauti kabisa, na tarehe 28 Mei mwaka huu wa 2025 alilazwa hospitali hapa mjini. Alikuwa na daftari na penseli, tulizungumza kwa hivyo. Penseli ilipokuwa butu hakuichonga, alikandamiza.

Jumapili tarehe 8 Juni Mheshimiwa Hironimus alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Nilikuwepo, wodini palikuwa na sisi watatu tu katika kona ile, na ninasema mbele yake ili anisahihishe kama naongeza. Alikaa. Akavua kofia, akaishika magotini. Akasema, "Mwalimu, mimi ni mzee sasa. Wajukuu zangu wanaulizwa shuleni kama babu yao hutaga." Baba akamtazama. Mheshimiwa akaongeza, "Niandikie neno moja tu, nife nalo, kwamba ulikosea." Kuhusu barua ya Jumatano hakusema. Kuhusu mawe hakusema. Baba akalivuta daftari, akakandamiza penseli kama dakika kumi, jasho likimtoka, akachana ukurasa, akaukunja, akampa. Mheshimiwa aliufungua kwenye korido, nilimwona mgongo tu, akasimama pale muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kusoma neno moja. Kisha akautia mfuko wa ndani wa koti na kuondoka bila kuaga. Koti ni hilo alilovaa leo.

Baba alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Siku iliyofuata, kamati ikatangaziwa kwamba upo msamaha wa maandishi, na kwamba litakuja jiwe.

Sisi ni watoto wa mtu wa kijiko na masizi. Ukurasa ulichanwa, lakini ukurasa uliokuwa chini yake umebaki kwenye daftari, na mkono wa baba ulikuwa mzito. Jana baada ya kupewa karatasi ya kamati, Pankrasi na mimi tulikaa na mama, tukachukua kipande cha mkaa, tukausugua ukurasa ule polepole kama alivyotufundisha, na mistari ikajitokeza myeupe. Hakuna neno hata moja. Hakuna radhi. Kuna kuku mwenye kofia ya pama, amezeeka, manyoya yamepukutika, bado amekalia mawe yake. Na pembeni yake, bega kwa bega, yupo kuku wa pili, mwembamba, mwenye miwani na penseli sikioni, naye amekalia jiwe. Lake ni moja, dogo, la kiasi cha kichwa cha mtoto, na amelifunika kwa bawa.

Katika maisha yake yote hakuwahi kujichora.

Mama aliitazama picha ile. Kisha, mama huyu ambaye hakumcheka kuku wa kwanza wakati nchi nzima ilikuwa inalia kokoo, akacheka, akasema, "Huyu wa pili namjua. Nimelala naye miaka ishirini na saba, tangu Februari ile."

Basi Mheshimiwa, karatasi uliyonayo ni yako, ulipewa kwa mkono na hatuidai, ukae nayo, uitazame ukipata nafasi, labda utaona ndani yake zaidi ya ulichotuambia. Lakini marehemu hakukuomba radhi, na neno hilo halitasomwa wala kuandikwa popote penye jina lake. Jiwe la marumaru familia imelikataa. Umeshatuwekea matatu, la nne hatulihitaji. Kaburi la baba litakuwa na msalaba wa mninga aliouchonga Pankrasi, nao una majina mawili. La kwanza ni Leodegari Urbani Luambano, 1953 hadi 2025. La pili ni Emiliani Leodegari Luambano, 7 Februari hadi 11 Februari 1998, ambaye jina lake leo linasomwa mbele za watu kwa mara ya kwanza. Baba mdogo, utanisamehe, wali haujapoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na hapa Songea, hasa muuguzi Beata aliyemletea penseli za kwake kutoka nyumbani na kukubali kuchorwa akipiga miayo. Tunawashukuru majirani wa Bombambili kwa kuni, maji na usingizi mlioupoteza, mafundi na wauza duka wa Mfaranyaki mliofunga vibanda siku nne, waendesha bodaboda wa kijiweni kwake mliobeba wagonjwa na wageni wetu bila kuuliza nauli, walimu wa zamani wa Nangwele, wale wawili mliokuja. Tunamshukuru Bi Shamimu kwa utani, miwani tunaomba airudishe. Tunamshukuru pia Mheshimiwa Hironimus kwa machungwa, yalikuwa matamu, baba alikula mawili, na kwa kuja wodini akiwa amevua kofia, maana hilo hakuna aliyemlazimisha.

Baba, ubao wako wa Mfaranyaki tumeuacha nje, chaki tumeiweka chini yake, Jumatatu tutaona nani atainama kuiokota. Wewe sasa inuka kwenye lile jiwe, mtoto umemkuta. Lala.